Platuni moja mpaka mwisho: jinsi ya kucheza kampeni ya vita vya mezani

Wengi wakianza huu mchezo wa vita vya mezani hucheza gemu moja moja, leo vijisanamu vyapangwa, nusu ya watu wafa, wiki ijayo wote washafufuka wako mezani tena kama hakuna kilichotokea. Si vibaya. Lakini kuna namna nyingine, unachukua platuni moja tu ya askari wa miguu, yaani kikosi cha watu thelathini na kitu, na unaenda nayo mapigano sita saba, aliyekufa amekufa, aliyejeruhiwa yuko hospitali, aliyeokoka anazidi kuwa mjuzi. Sisi twacheza hivi hapa Mombasa, barazani kwa ami yangu kila Jumamosi baada ya isha, na ntaeleza vile twafanya ili nawe uanze bila kupoteza miezi kama nilivyopoteza mimi.

Kabla ya dadu, kabla ya rangi, nunua daftari. La shule la kurasa 96 latosha. Kila askari ana mstari wake, jina, cheo, silaha, gemu alizocheza, majeraha. Na jina liwe jina kweli, usiandike "askari namba 4", andika Katana, andika Mutua, andika Otieno, andika Juma, manake siku Katana akianguka kwenye kichaka na wewe ndo ulomtuma pale utasita kabla ya kumtuma mwengine, na huko kusita ndo mchezo wenyewe. Mwenye daftari zuri na meza mbaya ana kampeni, mwenye meza nzuri bila daftari ana maonyesho ya vijisanamu tu.

Sasa vita gani. Unaweza kuchagua yoyote lakini mimi nasema chukua vita vya babu zetu, KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) kule Burma, Myanmar ya leo, mwaka 1944 kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Meli zilikuwa zaondoka hapa hapa Kilindini, na mojawapo, Khedive Ismail, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, wakafa zaidi ya watu 1,200, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Waliofika, wale wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakateremka bonde la Kabaw kutoka mji wa Tamu wakati wa mvua kubwa, matope mpaka magotini na malaria kila mahali, wakiwafukuza Wajapani waliokuwa warudi nyuma, mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi wa Disemba. Kwa kampeni ni tamu sana, njia ni moja, mwanzo wajulikana na mwisho wajulikana. Alafu amri nyingi zilitolewa kwa Kiswahili, hiyo lugha ndo ilounganisha makabila mengi kwenye vile vikosi, kwa hivyo mezani hatuigizi kitu, twasema lala, tambaa, rudi nyuma, kama walivyosema wao.

Platuni ipange hivi. Seksheni tatu za watu kumi, kila moja na koplo mwenye Sten (bunduki fupi ya rashasha), watu watatu wa Bren (rashasha nyepesi), waliobaki na Lee-Enfield, bunduki ya kawaida. Juu yao kiongozi wa platuni, sajenti, tarishi, na wawili wa mota ndogo ya inchi 2, kizinga cha kubeba mkononi kinachorusha makombora na moshi. Hapo una watu 35. Kiongozi si lazima awe luteni wa Kizungu, KAR walikuwa na cheo cha warant ofisa Mwafrika anayeongoza platuni, sisi wetu ndo huyo na twamwita Bwana Saidi. Kama pesa ni kidogo anza na seksheni mbili, mchezo hauharibiki.

Vijisanamu usingoje vya kuagiza ng'ambo. Vile vya plastiki vya watoto vinavyouzwa kwa pakiti vyafaa, chagua vilivyo na kimo kimoja, vioshe kwa sabuni ndo rangi ishike, kila kimoja kibandike kwenye kifuniko cha soda na chini yake uandike jina. Miti ya msitu nilitengeneza kwa makumbi ya nazi na vijiti, vichaka ni sponji la godoro nililokatakata nikalipaka kijani. Mchanga wa pwani uoshe kwa maji baridi mara mbili tatu kabla hujaugundisha, chumvi yake yavuta unyevu na baada ya mwezi gundi yaachia. Meza ni plaiwudi ya futi 6 kwa 4 juu ya stuli mbili. Na mzime feni mkiwa na alama za karatasi mezani, zisipeperuke.

Sheria za kupiga risasi na kukimbia tumia zozote unazozijua, ziko nyingi na hazina tofauti kubwa. Muhimu ni yale yanayotokea risasi zikinyamaza, na hapa usiwe na haraka.

Gemu ikiisha, kila aliyeanguka mtupie dadu moja. 1 au 2 amekufa, 3 au 4 ameumia vibaya anakosa gemu mbili, 5 au 6 ni jeraha dogo yuko nawe gemu ijayo. Lakini ongeza moja kama uwanja ulibaki wako, na punguza moja kama ulikimbia ukamwacha alipoangukia. Hiyo moja tu yabadilisha kila kitu, ghafla mtu aliyelala mita chache mbele ya mstari si kijisanamu tena, ni Mutua, na ukimtaka lazima wawili waache bunduki wakambebe chini ya risasi. Sisi twaruhusu hivyo, wabebaji wawili, nusu ya mwendo, hawapigi risasi.

Alafu malaria. Kati ya gemu na gemu kila aliye mzima mtupie dadu mbili, zikija 1 na 1 amelazwa gemu moja. Yaonekana kitu kidogo lakini kwa watu 30 mara nyingi utakosa mmoja, na siku moja atakuwa yule wa Bren.

Ujuzi uende polepole. Aliyemaliza gemu tatu akiwa amesimama anaitwa mzoefu, anarudia dadu moja ya kushindwa kwa kila gemu, basi, usimpe zaidi ya hapo. Nshaona kampeni zikiharibika kwa sababu askari wa gemu ya tano wamekuwa majini, hawapigiki. Wa kujaza nafasi waje kila baada ya gemu mbili, tupa dadu moja ndo idadi yao, na wote ni wageni. Koplo akifa usilete koplo mpya kutoka hewani, mpandishe mmoja wa seksheni ile ile.

Kampeni yangu ya kwanza sikuelewa kwamba watu ndo mali yako. Kwenye ramani ya pili, yaani uwanja wa pili wa mapigano, kulikuwa na kijito na upande wa pili rashasha ya Kijapani, nami nikasema nitavuka tu, nikavuka na seksheni mbili mchana kweupe bila moshi. Nilivuka. Nilishinda ile gemu, ami akanipa mkono. Lakini watu kumi na wanne walianguka, nilipotupa dadu sita walikuwa wamekufa na watano hospitali, na gemu ya tatu nilikuwa na Bren tatu na hakuna mtu wa kuzibeba zote, kampeni ikaisha kwenye ramani ya nne nikiwa na watu kumi na mmoja. Ami aliniambia, "Mwanangu, ungerudi nyuma ile siku, kesho yake ungekuwa na mota kubwa." Nikamwambia, "Lakini ami, nilishinda." Akasema, "Ulishinda mto."

Kwa hivyo jifunze kuondoka. Kanuni yetu ni kwamba mwisho wa zamu yoyote waweza kutangaza unarudi, anayefika ukingo wako wa meza yuko salama, na gemu hiyo umepoteza lakini ramani unaweza kuirudia. Ramani ziwe tano, Tamu ndo ya kwanza, ile kabla ya mwisho ni Kalemyo, ya mwisho Kalewa, na gemu zote zisizidi nane. Yaani una gemu tatu za kupoteza, hukosi nafasi ya kurudi nyuma ila huwezi kurudi kila siku. Moshi wa mota ndogo weka kwa ajili ya kuondoka, si kwa kushambulia tu.

Misaada nayo hesabu kwa kampeni nzima. Mota kubwa ya inchi 3 mara tatu, rashasha nzito ya Vickers mara mbili, na ukitumia umetumia, usipewe mpya kila gemu.

Na yule anayecheza Wajapani? Hapa wengi hukosea, wampa platuni sawa na malengo sawa, kumbe yeye ni mlinzi wa nyuma, kazi yake ni kuchelewesha. Mpe watu kumi na tano hivi, rashasha moja, kirusha guruneti kimoja, mahandaki ya kujificha ambayo ameyaandika kwenye karatasi kabla hujapanga wako, na kila gemu anayokuzuia apate pointi moja. Akijitoa mwenyewe usiku kabla hujamfikia watu wake hawahesabiwi wamepotea. Ami yangu hucheza upande huu na hafurahii kuua, hufurahia kuona nimepoteza gemu nzima natafuta handaki tupu.

Mwisho wa kampeni hesabuni hivi. Ukifika Kalewa ndani ya gemu nane na una watu 20 au zaidi wa wale wa mwanzo kabisa, umeshinda. Ukifika na chini ya hapo ni sare, hata kama meza yote ni yako. Wa kujaza hawaingii kwenye hesabu hiyo. Mara ya mwisho nilifika gemu ya saba na watu 19, wa ishirini alikuwa bado hospitali, ami akatoa daftari akasoma kanuni, aliye hospitali hahesabiki. Jumamosi hii twaanza tena kutoka Tamu.