Kushuka bandarini wenyewe: mpango wa siku moja kwa familia kwenye meli ya kitalii ya Karibi

Ziara zinazouzwa ndani ya meli hulipiwa kwa kichwa, na mkishuka mtafuata basi zima na kiongozi wake, mtoto awe amelala au analia. Kujipangia wenyewe huwa nafuu, na mtoto mdogo hupumua. Kuna tofauti moja tu ya kuogopa: basi la ziara ya meli likichelewa, meli hulisubiri. Teksi yenu ikichelewa, meli inang'oa nanga. Ndiyo maana mpango hujengwa kuanzia jioni kurudi asubuhi.

Hatua ya 1: Hesabu masaa mliyonayo kweli

Usianze na saa ya kuondoka. Tafuta saa ya mwisho ya kupanda, ambayo kwa kawaida ni nusu saa kabla ya meli kuondoka, na meli nyingine huweka saa nzima. Imeandikwa kwenye ratiba ya siku na kwenye bango la mlangoni mnaposhukia. Lipige picha.

Chukua mfano wa Cozumel, Meksiko. Meli inafunga gati saa 2:00 asubuhi na kuondoka saa 11:00 jioni (17:00). Mwisho wa kupanda ni saa 10:30 (16:30). Familia iwe kwenye geti la bandari saa moja kabla, yaani saa 9:30. Kutoka fukwe za kusini kama Palancar, tenga dakika 20 za barabarani, 10 za kusubiri teksi, na 20 za kuosha mchanga, kubadilisha nguo na kulipa bili. Kwa hiyo watoto watoke majini saa 8:40 mchana. Asubuhi nako lifti hujaa na foleni ya mlangoni ni ndefu. Mkishuka saa 2:45 mtafika ufukweni kama saa 3:15. Masaa 9 ya gatini yamebaki matano na dakika 25.

Mtoto wa chini ya miaka mitano humalizika baada ya masaa matatu au manne hivi. Kwa familia ya namna hiyo, kurudi kula chakula cha mchana melini ni uamuzi mzuri, wala si hasara.

Hatua ya 2: Saa ya nani?

Hapa ndipo wengi huachwa. Cozumel haibadilishi saa mwaka mzima, ila jimbo la Florida, Marekani, ambako meli nyingi za Karibi huanzia safari katika bandari kama Miami, husogeza saa mbele wakati wa kiangazi. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, Cozumel iko nyuma ya Miami kwa saa moja. Kama meli imebaki na saa ya Miami, simu yako ikishika mtandao wa Meksiko itaonyesha 15:30 wakati melini ni 16:30, na ngazi inapandishwa. Majira ya baridi, bandari za visiwani za St. Thomas, San Juan na St. Maarten huwa mbele ya Miami kwa saa moja. Huko kosa litawarudisha mapema tu.

Kuna meli zinazofuata saa ya nchi na kuna zinazobaki na ya kwao, kwa hiyo sikiliza tangazo la kila bandari. Kisha zima mpangilio wa simu wa kujirekebisha saa, au mvalishe mtu mzima mmoja saa ya mkononi ya bei rahisi iliyowekwa saa ya meli. Watoto wakubwa waandikie tarakimu kama zilivyo kwenye ratiba, 15:30, ili asitokee mtu wa kujiuliza kama "saa tisa" ni ya Kiswahili au ya Kizungu.

Hatua ya 3: Chagueni sehemu moja, isiyozidi dakika 30

Sehemu mbili kwa siku ni tamaa, na mnachopata ni teksi tatu.

Cozumel: kaeni upande wa magharibi, ambako bahari imetulia. Upande wa mashariki unapendeza kwa macho, lakini mawimbi na mikondo yake si ya watoto. Wanaotaka magofu ya Wamaya waende San Gervasio, kisiwani hapohapo. Tulum inadai kivuko cha kama dakika 45 na barabara baada yake. Ziara hiyo inunuliwe melini.

St. Thomas: Magens Bay ina maji matulivu na waokoaji. Philipsburg, St. Maarten: ufukwe wa Great Bay unafikika kwa miguu kutoka gatini, na ndio chaguo bora kwa wenye kigari cha mtoto. Maho, ambako ndege hupita juu ya vichwa, iko mbali kidogo, na daraja la Simpson Bay likifunguliwa kupitisha boti, foleni hukwama. Pia, upepo wa injini za ndege pale huangusha watu wazima, na mtu aliwahi kufa mwaka 2017. Msiwasogeze watoto kwenye uzio.

George Town (Grand Cayman) na Belize City ni suala jingine: kwa kawaida meli hutia nanga nje, na abiria hushushwa kwa boti ndogo. Wenye ziara za meli hutangulia. Ongeza saa nzima asubuhi na nyingine alasiri. Belize, ambako boti peke yake ni kama dakika 20, mapango ya bara yaachieni ziara ya meli.

Hatua ya 4: Usafiri na pesa

Uliza bei kabla ya kufungua mlango, na uulize mambo matatu: ni ya gari zima au ya kila mtu? Ni ya kwenda tu? Ni dola ya nani? St. Thomas hutoza kwa kila abiria. Cozumel bei huwa ya gari, na watu watano wanaweza kuhitaji gari kubwa zaidi. Grand Cayman, dola 1 ya Cayman huhesabiwa madukani kama 1.25 za Marekani, hivyo chakula cha 20 ni 25. Beba noti za 1 na 5, kwa sababu chenji hupatikana kwa shida.

Kiti cha mtoto teksi hazina. Beba chenu, au chagua bandari ya kutembea kwa miguu.

Hatua ya 5: Mkoba

Maji, nguo za kubadilisha, kadi za meli, nakala za pasipoti. Matunda na mikate ya melini visishuke; forodha hutoza faini. Visiwa vya Virgin vya Marekani (St. Thomas ikiwemo) vimepiga marufuku tangu 2020 mafuta ya jua yenye kemikali za oxybenzone, octinoxate au octocrylene, kwa hiyo nunua ya zinki. Na kaptula ya mtoto yenye madoadoa ya kijeshi ibaki kabatini: Barbados, Jamaika na St. Lucia zinakataza raia kuvaa nguo hizo, watoto wakiwemo.

Hatua ya 6: Ufukweni

Mwani mwingi wa sagasamu huja hasa kati ya Machi na Oktoba, na hujazana upande unaopigwa na upepo. Tazama picha za wiki hiyohiyo, si za tangazo. Waonye watoto kuhusu mti wa manchineel: matunda yake ni kama tufaha dogo la kijani, ni sumu, na utomvu huunguza ngozi. Mvua ikinyesha msijikinge chini yake. Mara nyingi shina hupakwa rangi nyekundu. Kwenye mchanga wenye taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani), miguu iburutwe, isinyanyuliwe, samaki apate kukimbia.

Hatua ya 7: Mkiachwa

Namba ya wakala wa bandari (anayeiwakilisha meli pale) iko kwenye ratiba ya siku. Ihifadhi kabla ya kushuka, na mpigie mara mnapoona mtachelewa. Pasipoti zikiwa kwenye sefu ya chumba, wahudumu kwa kawaida huzitoa na kumwachia wakala, kwa hiyo ziwekeni humo zote pamoja. Nauli ya ndege hadi bandari inayofuata ni yenu. Wenye pasipoti ya Kenya au Tanzania waangalie viza za nchi zote za safari kabla ya kuondoka nyumbani, maana nchi isiyodai viza kwa abiria wa meli inaweza kuidai kwa anayeshuka na ndege.