Jinsi ya Kukusanya Noti za Nchi Zilizopatwa na Mfumuko Mkali wa Bei

Noti yangu ya kwanza ya Zimbabwe niliinunua mjini Moshi kwa mpagazi aliyepewa na mgeni walipokuwa wakishuka Mlima Kilimanjaro. Ilikuwa ya dola trilioni 10, na kijana yule alikuwa ameshaipeleka kwenye duka la kubadilishia fedha, akaambulia kicheko. Anayetaka kukusanya noti za aina hii sharti aelewe tangu mwanzo kwamba hanunui fedha: mwaka 2015, Benki Kuu ya Zimbabwe ilipoziondoa rasmi dola hizo, wenye noti za mwaka 2008 walipewa dola 1 ya Marekani kwa kila dola trilioni 250, yaani mpagazi wetu angehitaji noti 25 kama ile ili apate dola moja.

Wengi hukimbilia noti ya trilioni 100, yenye picha ya yale mawe yaliyobebana, nayo ndiyo ghali na ndiyo inayoghushiwa zaidi. Mimi nashauri ujenge ngazi. Anza na dola 1 iliyotoka Agosti 2008, baada ya sifuri kumi kufutwa, kisha upande noti kwa noti hadi trilioni 100 ya Januari 2009. Hata miezi sita haikutimia, na mfuatano huo ukiutandaza mezani unaeleza mfumuko wa bei kuliko noti moja kubwa. Tafuta pia zile hundi za Benki Kuu zilizotangulia noti hizo, ambazo watu walizitumia kama noti ingawa zilichapwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Lakini usizipange kwa kutazama mwaka uliochapwa pekee, kwa kuwa noti ya trilioni 100 inasomeka 2008 ilhali iliingia mikononi mwa watu mwaka uliofuata.

Si lazima kwenda mbali. Wazee wa Arusha waliofanya biashara na nchi jirani huwa na noti zilizosahauliwa kwenye masanduku: za Uganda kabla ya mwaka 1987, shilingi 100 za zamani zilipobadilishwa kwa 1 mpya, au za Zaire, iliyotoa noti ya zaire milioni 5 mwaka 1992 na mwaka uliofuata ikabadilisha zaire milioni 3 kwa 1 mpya. Uliza kwa adabu, wala usimpunje mzee asiyejua bei.

Jambo linalowachanganya wengi ni kusoma tarakimu za Ulaya. Neno "Billion" la Kijerumani ni trilioni kwetu. Kwa hiyo noti ya mwaka 1924 iliyoandikwa "Einhundert Billionen Mark" ni ya marki trilioni 100, si bilioni 100. Hungaria ya mwaka 1946 ni ngumu zaidi, maana herufi B katika "B.-pengő" (pengő ilikuwa fedha ya huko) yenyewe inasimamia trilioni, na noti kubwa kuliko zote zilizotumika huko, ya milioni 100 za B.-pengő, ni 1 yenye sifuri 20 nyuma yake. Muuzaji asiyejua hili atakupa maelezo ya uongo bila hata kukusudia.

Kabla ya kulipa, inua noti ya Zimbabwe kwenye mwanga utazame alama ya maji na uzi wa usalama, kisha hakikisha namba zimechapwa kwa mstari ulionyooka. Ukionyeshwa noti ya Zimbabwe ya kwadrilioni au kwintilioni, yaani namba kubwa kuliko trilioni, au iliyong'aa kama dhahabu, hilo ni pambo tu. Nchi hiyo haikutoa noti iliyozidi trilioni 100. Noti ya Ujerumani ya mwaka 1923 iliyochapwa upande mmoja, kwa upande mwingine, isikutie shaka, kwani nyingi zilichapwa hivyo.

Katika kuhifadhi, usiioshe noti, usiipige pasi, usiifunge kwa gundi wala kuilamineti. Masika ya Moshi yaliniharibia noti nne nilizokuwa nimezitia kwenye mifuko ya plastiki laini ya bei nafuu, ambayo ilitoa utelezi na kushikamana na karatasi. Tumia mifuko ya poliesta, uiweke mbali na jua na ukuta wenye unyevu. Maelezo ya ununuzi yaandike kwa penseli kwenye kikaratasi cha pembeni, kamwe si juu ya noti. Kikaratasi cha ile ya mpagazi kinasema: Moshi, shilingi elfu tano, chai na maandazi mawili.