Jinsi ya Kuisikiliza Simfoni ya Tisa ya Dvořák kwa Mara ya Kwanza

Nafundisha kwaya. Kila ninapowawekea wanakwaya muziki wa okestra, swali huwa lile lile: "Mwalimu, mbona haimbi mtu?" Ndiyo maana huwaanzishia simfoni hii, kazi ndefu ya okestra yenye sehemu nne, maana nyimbo zake zinashikika. Antonín Dvořák, mtunzi mwana wa Bohemia, katika Ucheki ya leo, aliitunga mwaka 1893 akiwa New York, ambako mwanafunzi Mmarekani Mweusi, Harry Burleigh, alikuwa akimwimbia nyimbo za kiroho zilizotoka kwa watumwa. Mwezi Desemba mwaka huo ikapigwa katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini humo.

Tenga dakika 40 na uvae vipokea sauti vya masikioni. Spika ya simu humeza sauti za chini, na hapa zinazofungua ni selo, fidla kubwa zenye sauti nzito, tena polepole.

Kazi yako ni moja: shika wimbo mmoja, uufuate. Baada ya utangulizi, honi, yaani pembe za shaba zilizokunjwa, zinapanda ngazi kwa kishindo kisha zinashuka. Ndio huo. Rudisha nyuma, uuimbe kwa mdomo uliofumbwa mpaka ukukae. Sehemu hii ya kwanza ina wasiwasi na hamu, ingawa filimbi inaingia baadaye na kauli tamu, ya upole.

Sehemu ya pili, Largo, yaani ya mwendo wa polepole sana, usiifanyie haraka. Vyombo vya shaba vinatandika sauti nzito chache, halafu inaingia kor angle, chombo cha ukoo mmoja na zumari ya mwambao, ila sauti yake ni nene na laini. Ni huzuni ya mtu aliye mbali na kwao, lakini hailalamiki. Katikati furaha inachomoza ghafla, na hapo ule wimbo wako wa honi unarudi kwa nguvu. Karibu na mwisho, fidla chache zinajaribu kuurudia wimbo wa kor angle: zinakatika, kimya, zinaendelea, zinakatika tena, kama mwimbaji aliyeshikwa na kilio katikati ya ubeti. Mimi hapo sisemi neno darasani.

Ya tatu ni ngoma ya kuchezeka, mapigo matatu matatu, na pembetatu ya chuma inalia juu. Wimbo wako unapita mwishoni.

Ya nne inaanza kwa vyombo vya nyuzi vinavyokimbia, kisha tarumbeta na honi zinatangaza vita. Tega sikio: matoazi hupigwa mara moja tu katika simfoni nzima, hapa, tena taratibu. Wengi huyakosa.

Siku ya pili sikiliza Largo peke yake, kisha ruka hadi dakika za mwisho za sehemu ya nne. Zile sauti za shaba zilizofungua Largo kwa upole utazikuta zikipigwa na okestra kwa nguvu zote.