Diski kadhaa, ghala moja
Ukiwa na diski za ukubwa tofauti kwenye Linux, usikimbilie RAID 0 (njia ya kuunganisha diski inayogawa data vipande vipande kwenye diski zote): ikifa moja, umepoteza vyote. Jaribu mergerfs, programu inayoonyesha diski kadhaa kama folda moja. Kila diski inabaki na mafaili yake kamili, wewe unaziunganisha tu kwa juu (hapa d1 na d2 ni diski zako, ghala ni folda ya pamoja):

mergerfs -o category.create=mfs /mnt/d1:/mnt/d2 /mnt/ghala

Diski ya TB 2 na ya TB 4 zitaonekana kama TB 6. Hiyo mfs hupeleka faili jipya kwenye diski yenye nafasi kubwa zaidi wakati huo. Faili moja haligawanywi, kwa hiyo lazima litoshe kwenye diski moja. Raha yake ni kwamba diski moja ikifa, nyingine unaichomoa na kuisoma kwenye mashine yoyote ya Linux, hata isiyo na mergerfs. Ila hii si bekapu. Picha za familia ziwekee nakala kwingine, tafadhali.