SOMO: Skailaiti ya kukaa juu ya boksi, toka kuchagua mpaka kufunga (soma kabla hujaja inboksi)

Wakuu salamu. Naandika hili kwa sababu nimechoka, kila wiki inboksi ni "mkuu skailaiti inavuja nipake silikoni gani", namjibu huyu, kesho anakuja mwingine na swali lilelile neno kwa neno. Kuanzia leo ni linki ya hapa tu.

Tuelewane kwanza. Skailaiti ni dirisha la kwenye paa la kuingiza mwanga. Kuna ambayo fremu yake inafungwa moja kwa moja kwenye mbao za paa, hiyo siizungumzii. Ya leo ni ile unayojenga boksi la mbao likatokeza juu ya paa, alafu skailaiti inalifunika kama mfuniko wa boksi la viatu. Naipenda kwa sababu kioo kikija kuvunjika baada ya miaka unafungua skrubu za ubavuni, unavua mfuniko, unaweka mwingine, paa hugusi. Na paa likiwa limelala sana ndiyo ya kuweka, kwa sababu boksi linakinyanyua kioo juu ya maji.

KUCHAGUA

Kioo au plastiki? Kioo chukua ambacho tabaka la ndani ni laminati, yani kile chenye utando katikati kama kioo cha mbele cha gari, kikipasuka kinabaki kimeshikana. Tempa (kioo kilichokomazwa kwa moto) peke yake kikivunjika kinamwagika chote punje punje, na wewe umekaa chini yake. Plastiki ni nyepesi kubeba. Polikaboneti ni ngumu kuvunja ila kama haina kinga ya jua inageuka njano, akriliki inavumilia jua vizuri ila ukikaza skrubu kwa hasira inapasuka.

Ukubwa: kila mtu anataka kubwa, alafu mwezi wa joto analia. Wizara ya Nishati ya Marekani wana kipimo ambacho na mimi nakitumia, skailaiti isizidi asilimia 5 ya eneo la sakafu kama chumba kina madirisha mengi, na isizidi asilimia 15 kama madirisha ni machache. Chumba cha mita 4 kwa 4 ni mita za mraba 16, asilimia 5 yake ni 0.8, yani kama sentimita 90 kwa 90 hivi. Inatosha sana, mwanga wa juu una nguvu kuliko wa dirisha la ukutani. Upande wa paa unaotazama magharibi utakipika chumba jioni, kama huna namna nyingine tafuta kioo chenye mpako wa kuzuia joto.

Upana: ukipata inayoingia katikati ya mapao mawili (zile mbao zinazoshuka na mteremko) umepona kazi nusu. Kenchi (zile pembetatu za mbao zilizounganishwa zinazobeba paa) usikate. Narudia, kenchi HAIKATWI, ile ni kitu kimoja kinachotegemeana, ukikata mguu mmoja umelegeza paa zima.

KUFUNGA

1. Panda darini kwanza uangalie nyaya na mabomba, alafu toboa pembe nne kwa msumari toka ndani ili ukiwa juu uone alama.

2. Siku kavu, kamba ya usalama, mtu wa pili chini.

3. Kata tundu. Bati kata kwa mkasi wa bati, grainda inaunguza rangi na vile vichembe vya moto vikibaki juu ya bati vinaleta kutu.

4. Ziba juu na chini ya tundu kwa mbao za kukingama kati ya mapao.

5. Jenga boksi. Mbao ya mbili kwa sita inafaa. Litokeze angalau inchi 4 (sentimita 10), na unapima toka uso wa paa lililomalizika, sio toka kwenye ubao wa chini. Kama paa lina migongo, pima toka juu ya mgongo. Pima kona kwa kona, vipimo viwili vikiwa sawa kona za boksi lako zimenyooka, vikipishana usiendelee, mfuniko hautakaa. Na soma karatasi ya skailaiti kama kipimo walichoandika ni cha NDANI ya boksi au NJE. Mbao ya inchi 2 ikishapigwa randa inabaki inchi moja na nusu, pande mbili ni inchi 3, kwa hiyo ukichanganya hapo umejenga boksi la skailaiti ya jirani.

6. Mkeka wa lami unaojigandisha, upande ubavu wa boksi mpaka juu, pande zote nne, upande wa chini kwanza.

7. Flashingi, yani vipande vya bati vinavyokunjwa kuzuia maji pale boksi linapokutana na paa. Hapa ndipo nilipoaibika kwa hiyo nitakaa kidogo.

Skailaiti yangu ya kwanza ilikuwa ya korido ya nyumbani kwangu, paa la bati. Kipande cha chini nikaweka sawa, vya pembeni sawa, cha juu (upande unaotoka maji) nikakilaza JUU ya bati, nikajaza silikoni pembezoni, nikapiga na picha. Miezi mitatu hamna kitu. Ikaja mvua ya upepo usiku, tap, tap, tap. Nikapanda nikaongeza silikoni. Mvua nyingine, tap. Nikaongeza tena, mara tatu wakuu, mpaka ilikuwa kama keki. Siku nimekuja kufungua, nyuma ya boksi kuna bwawa la majani na mchanga, silikoni nimeivuta kwa vidole viwili ikabanduka yote kwa mkupuo kama utando wa maziwa, na ubao chini yake mweusi, nimegusa na bisibisi imezama bila kusukuma.

Sababu ni ndogo mpaka inauma. Maji yanatoka juu kwenda chini, yakikuta ukingo wa flashingi uko juu ya bati yanapita chini yake. Bati nalo linatanuka mchana linasinyaa usiku kila siku, silikoni gani itavumilia hiyo. Mpangilio sahihi: kipande cha chini kinakaa juu ya bati, cha pembeni kinalalia cha chini, cha juu kinalalia vya pembeni, na ukingo wake wa juu unaingia CHINI ya bati linalotoka kileleni. Kama bati ni moja refu mpaka juu huwezi kulichomeka katikati, basi kipande cha juu unakipandisha mpaka chini ya kofia ya paa. Ndiyo, ni bati jingi. Weka.

Vigae unatumia vipande vifupi vya kona, kimoja kwa kila mstari wa vigae, kila cha juu kinamlalia mwenzake wa chini kama magamba ya samaki. Usijaribu kufanya kipande kimoja kirefu.

Tahadhari nyingine za hapahapa: boksi likizidi upana wa kama sentimita 75 mimi naweka kituta nyuma yake cha kugawa maji kulia na kushoto. Flashingi ya risasi usiikutanishe na bati la aluzinki (lenye mpako wa aluminiamu na zinki), itakula ule mpako wa juu na bati lenyewe. Mbao iliyotiwa dawa yenye shaba nayo inakula aluminiamu, weka mkeka katikati.

8. Mpira wa kukalia, mfuniko, skrubu. Kaza mpaka mpira ubonyee, basi.

9. Ukishamaliza jaribio la maji la namba 10, ndani funika shimo kwa jipsamu, panua upande wa chini liwe kama faneli, mwanga unasambaa zaidi. Nyuma ya jipsamu weka sufi ya kuzuia joto.

10. Jaribu na mpira wa maji kabla hujaziba ndani. Anza kumwagia chini ya boksi, dakika kumi, panda pembeni, malizia juu. Ukianza juu maji yanaenda kila mahali hutajua yameingilia wapi.

Maswali karibuni.

——

Kipanga2: Mkuu somo zuri, sasa mimi yangu inavuja upande wa juu nipake silikoni gani?

> Hatua ya 7.

Kipanga2: Nimesoma mkuu ila fundi kasema ipo ya bei juu haibanduki

> Basi mpigie huyo fundi.

Mama Wawili: Samahani kaka, yetu inadondosha asubuhi tu, hata kama mvua haijanyesha wiki nzima. Nikifuta kioo kinakuwa kikavu mchana, kesho tena. Nimeweka gazeti chini, madoa yanatokea usawa wa ukingo wa chini wa kioo sio kwenye kona. Hii nayo ni flashingi?

> Dada nakushukuru kwa kuuliza hivi, laiti wote wangekuja na gazeti. Hapana, huo ni mvuke wa ndani. Unapanda toka jikoni, bafuni, hata pumzi za watu usiku, unakutana na kioo kilichopoa unageuka maji, yanateleza mpaka ukingo wa chini. Angalia vitu vitatu. Kioo ni tabaka moja au mawili? Kama ni moja itaendelea tu, unaweza kupunguza ila kumaliza ni kubadili kioo. Pili, lile shimo nyuma ya jipsamu lina sufi ya kuzuia joto au ni tupu? Tatu, fremu ina kijimfereji kwa ndani na vitundu vya kutolea maji hayo nje, vikijaa uchafu maji yanarudi ndani. Safisha kwa kijiti. Na feni ya kutoa mvuke ukiweza.

Mzee wa Nondo: Hahaa kumbe vile vitundu vina kazi, mimi nimeviziba vyote na silikoni maana wadudu walikuwa wanaingia

> Umeziba mkojo wa skailaiti mzee. Fungua leo, ukitaka weka wavu mdogo.

FundiMkongwe: Sisi tunapaka lami na kitambaa miaka na miaka hamna tatizo, vijana mnakuza mambo tu

> Sijasema kupaka hakushiki, nasema hakudumu. Kwangu silikoni kwenye bati imeshindwa mara tatu na nimeeleza mpaka rangi ya ubao ulivyooza. Kama yako inadumu leta picha ya chini yake, sio ya juu.

FundiMkongwe: Sina muda wa kufungua paa la mtu

> Sawa.

Tofali Moja: Na paa la zege bapa? Hakuna mteremko, sasa "juu" ni wapi?

> Swali zuri hilo. Kwanza hakuna paa bapa kabisa, mwaga ndoo ya maji uone yanakimbilia wapi. Ila hapa hautegemei kulaliana kwa vipande, boksi lako liwe la zege au tofali na lipande zaidi, mimi sishuki chini ya sentimita 15, alafu wotapruufu ya paa zima inapanda ubavu bila kukatika mpaka inakunja juu ya ukingo, mfuniko ndio unakuja kuikalia. Pale sakafu inapokutana na ubavu weka kona ya mchanga na saruji iliyolala kama mteremko, mkeka ukikunjwa kona kali unapasuka palepale.

Jua Kali Sana: Kwa nini nisiweke tu lile bati la plastiki la kupitisha mwanga nikamaliza?

> Stoo, banda, gereji weka hata leo. Chumba cha kulala utapata joto na kelele ya mvua. Na likishazeeka usilikanyage kabisa, watu wanaanguka nalo mpaka chini, hata kama linaonekana zima. Tembea kwenye bati la kawaida, kwenye mstari wa skrubu ndiko kuna mbao chini, na hapo pia weka ubao.

Mama Wawili: Kaka nimefungua vile vitundu, kimoja kilikuwa na kiota cha nyigu wa udongo! Leo asubuhi gazeti lina doa moja tu. Sasa kioo kimekuwa na ukungu wa uchafu kwa nje, mume wangu anasema tutumie thina.

> Mwambie shemeji thina akae nayo mbali, kama ni akriliki itajaa mipasuko midogo kama utando wa buibui na haitoki tena. Maji, sabuni ya vyombo, kitambaa laini. Na usisugue kikavu, mwagia kwanza mchanga uondoke.

Kipanga2: Mkuu hata silikoni ya magari?