Jinsi ya kuuza michoro mtaani kwako, mwaka wangu wa kwanza hapa Moro

Kama unachora na mji wako hauna watalii wengi, usikae ukisubiri mzungu. Mi nakaa Morogoro, na kwa miaka miwili nilikuwa nachora twiga na Wamasai nampa mtu apeleke Dar, zinakaa huko miezi zinarudi na vumbi, mpaka nikaamua mwaka mmoja mzima niuze hapahapa tu, kwa watu ninaoweza kuwafikia kwa boda ya buku. Sasa nakuelekeza nilivyofanya, ukiona kitu kinafaa kwenu chukua.

Tuanze na vifaa, na hapa nakuomba usikimbilie kanvasi. Edward Saidi Tingatinga, yule mchoraji ambaye picha za Tingatinga zimebeba jina lake, alipoanza kuchora Dar mwaka 1968 alitumia hadibodi (ule ubao mwembamba wa kushindiliwa) na rangi ya mafuta, ile inayopakwa kwenye baiskeli, na kazi zake zikauzwa Oysterbay pale Morogoro Stores (ni jina tu la duka, si huku kwetu), kwa hiyo usione aibu. Shiti moja ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2, au 32 vya futi 1 kwa 1, hakibaki hata kipande cha kutupa. Mwambie fundi akukatie kwa mashine palepale, ukikata nyumbani kwa msumeno wa mkono kingo zinachanika. Upande laini piga msasa kidogo, paka anda-koti nyeupe (rangi ya kwanza ya chini) mara mbili, halafu geuza na upake nyuma pia. Watu wengi wanaruka hapo kwenye nyuma na ndo maana mvua zikianza picha inajikunja kama chapati, unyevu unaingilia upande mmoja tu.

Bei. Hii ndo ilinisumbua kuliko kuchora kwenyewe, maana mtu akikuuliza shingapi ukababaika tu, ameshajua. Kaa na daftari kabla hujatoka. Chukulia shiti ya hadibodi ni elfu 32, kipande cha futi 2 kwa 2 ni elfu 4, rangi na thina elfu 6, fremu ya mbao za paini kwa fundi seremala elfu 10, hapo tayari elfu 20. Siku zako mbili za kazi zilipe kama unavyomlipa kibarua, sema elfu 15 kwa siku, jumla elfu 50, ongeza 10 ya kuchangia shiti nyingine, unauza 60. Ukishajua hiyo 60 imetoka wapi hutetemeki mtu akikuambia elfu 25. Na ndugu na marafiki wakitaka ya bei rahisi usishushe bei, shusha saizi, mpe ya futi 1 kwa 1 ya elfu 20, naye anafurahi na wewe hujaumia.

Sa unachora nini? Chora kinachomhusu mtu wa hapo. Mi niliacha twiga nikaanza Uluguru asubuhi mawingu yamekaa katikati ya mlima, kina mama wa Mgeta na matenga ya kabichi, sokoni, Msamvu magari yanapoingia. Mtu anasimama anasema hee, hii si njia ya kwetu Bigwa? Akishasema kwetu, biashara imeanza. Lakini pia sikiliza. Kastoma wangu wa kwanza alikuwa mama mwenye saluni Kihonda, nikampelekea milima mitatu tofauti, akaangalia zote kwa heshima kabisa kisha akasema mwanangu, mi nataka jogoo, jogoo mkubwa, mwekundu. Nikamchorea jogoo. Akalipa elfu 20 mara tatu, kila Ijumaa, kwa simu. Huyo nilimfungia picha kabla hajamaliza deni, na ni yeye peke yake, kwa sababu saluni yake wateja wanakaa masaa manne wanasukwa wanaangalia ukuta uleule. Oda sita zimetoka kwenye ule ukuta. Wengine wote kianzio nusu kabla sijagusa brashi, na kazi inatoka hela ikishalipwa yote.

Na uende ukaifunge mwenyewe. Beba nyundo, misumari ya zege na waya. Kuta zetu za saruji zinapinda msumari wa kawaida, mtu akishindwa mara mbili picha inaishia nyuma ya kabati na hakuna mgeni atakayeiona. Ukiifunga wewe, kwa urefu wa macho, mbali na dirisha linalopigwa jua la mchana, unakuwa umejitangaza, na ukiwa pale majirani wanachungulia. Piga picha mwenye nyumba akiwa pembeni, muombe ruhusa, weka stetasi WhatsApp. Mi stetasi yenye mtu na ukuta wake inaulizwa kuliko ya mchoro peke yake.

Kuhusu mali kauli kuwa makini sana. Kuweka kazi kwenye mgahawa au loji wao wauze wachukue asilimia 20 ni njia nzuri, ila andikishaneni: picha ngapi, bei ya kila moja, tarehe ya kuja kuhesabu, sahihi mbili, na upige picha kila mchoro ukiwa ukutani kwao. Kuna sehemu niliacha picha nne kwa maneno tu, nikarudi baada ya miezi miwili nikakuta mbili, meneja mpya, na yule wa zamani hapokei simu. Ilinikata sana. Zile mbili sikuzipata mpaka leo.

Masika yakishaingia, Machi mpaka Mei, punguza ahadi. Rangi ya mafuta ukiigusa kesho yake inaonekana kavu lakini ndani bado laini, na mvua za huku hewa yote ni maji. Aprili nilikuwa na oda ya zawadi ya send-off, nikamaliza Alhamisi, Jumamosi asubuhi nikaifunga kwenye gazeti nikapanda boda. Nafungua pale kwa bibi harusi mtarajiwa, anga lote la Uluguru limebeba herufi za gazeti, zimegeuka kinyume, kichwa cha habari kizima unaweza kukisoma ukiwa na kioo. Nilirudisha hela yote na nikachora nyingine bure. Tangu siku hiyo mvua zikiwepo nasema wiki tatu, na sifungi uso wa picha na kitu chochote, naweka vipande vya boksi kwenye kona nne, kitambaa kinapita juu bila kugusa rangi.

Agosti jipange mapema. Nane Nane hapa Moro watu wa kanda ya mashariki wanajaa, wamekuja kuona ng'ombe na matrekta na watoto, hawana mpango wa kubeba kitu cha futi 2. Nilianza Juni kuchora ndogo 40 za futi 1, nikachangia meza na mama anayeuza vikapu, zikatoka 31. Halafu kuna mahafali, SUA (chuo kikuu cha kilimo cha hapa) na vyuo vingine mwishoni mwa mwaka, hapo wazazi wanatafuta zawadi siku mbili kabla, kwa hiyo uwe na kazi zilizokauka tayari, unaongeza jina na mwaka chini tu.

Makaratasi yasikutishe. TIN, yaani namba ya mlipa kodi, pale TRA (mamlaka ya mapato) ni bure, usajili wa msanii ni BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), anza kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako atakuelekeza. Na jua kwamba ukiuza picha hujauza hakimiliki, mtu akitaka kuichapa kwenye fulana hiyo ni mazungumzo mengine na hela nyingine, iandike kwenye risiti.

Januari usimpigie mtu simu ya kuuza, watu wana ada za watoto. Mi nilipita kwa walionunua na kitambaa kikavu na misumari ya akiba, kufuta vumbi na kuangalia kama picha haijaegama. Kihonda nilikuta yule mama ameshapigilia msumari mwingine pembeni ya jogoo, ukuta mtupu, msumari tu. Akaniambia mwanangu, hapo nilikuwa nakungoja wewe, sasa niletee ule mlima.