Bili ya Hospitali Marekani: Uliza Kabla ya Kulipa

Mwaka wangu wa pili Marekani niliteleza kwenye barafu mbele ya mlango wetu, mkono ukavunjika. Emajensi walinihudumia vizuri. Wakati wa kutoka nikauliza ninalipa wapi, dada wa mapokezi akaniambia niende tu nyumbani nikapumzike. Mimi niliyezoea hospitali zetu, ambako mgonjwa anaulizwa deposit kabla ya sindano, nikatoka nikiamini nimepona bure. Wiki tatu baadaye bahasha ikaja: dola 4,860. Sijamaliza kuisoma, binamu yangu tayari amefungua grupu la WhatsApp la mchango.

Grupu tulilifunga. Mwishowe nililipa dola 610, tena kwa awamu.

Karatasi ya kwanza kukufikia mara nyingi hata si bili. Inatoka kwa kampuni ya bima, na imeandikwa waziwazi kwamba si bili: hospitali imedai nini, bima imekubali nini, fungu lako ni lipi. Itunze. Bili yenyewe ikija, zilinganishe, na zikitofautiana wapigie bima kwanza. Kisha iombe hospitali bili iliyochambuliwa kitu kimoja kimoja. Yangu ilipofika, kitambaa cha kuning'inizia mkono kilikuwa kimetozwa mara mbili. Niliwauliza kama wanaona nilivunjika mikono miwili.

Lakini kilichoshusha deni langu hasa ni fomu. Hospitali nyingi za huku zimesajiliwa kuwa si za kibiashara, zikasamehewa kodi ya mapato, na kwa sababu hiyo sheria inazidai ziwe na sera ya maandishi ya kuwasaidia wenye kipato kidogo. Una siku 240 tangu bili ya kwanza kutumwa kuomba msaada huo, na hospitali nyingi humpokea hata mwenye bima. Walitaka hati zangu za mshahara, ritani ya kodi na idadi ya tunaoishi nyumbani, basi. Watu wetu wanaona haya, wanadhani ni kuombaomba. Wakati huohuo wanachangisha kanisani na msikitini pesa ambazo hospitali ilikuwa tayari kusamehe. Na tafadhali, usikimbilie kulipa kwa kadi ya mkopo. Deni likishahamia benki, fomu ya hospitali hailigusi tena, na riba imeshaanza kutembea.

Kabla ya kuugua kuna kuchagua bima, na hapa tunanaswa na ada ndogo ya mwezi. Ukiona ada ni rahisi mno, tafuta dedaktibo, yaani kiasi utakachotoa mfukoni kabla bima haijaanza kuchangia. Ikiwa ni dola 7,000, mkono kama wangu ungeulipia karibu wote mwenyewe. Angalia pia kikomo cha mwaka, yaani jumla ya juu kabisa utakayotoa mfukoni kwa matibabu: kwa mipango ya 2025 sheria iliweka dola 9,200 kwa mtu mmoja, ndani ya mtandao wa madaktari wa bima hiyo. Soko la bima la serikali hufunguliwa tarehe 1 Novemba. Ukipoteza kazi iliyokuwa na bima, una siku 60 za kujiandikisha bila kusubiri Novemba. Zikikupita, unaweza kukaa bila bima hadi dirisha lifunguliwe tena.

Dharura ya kweli usiihesabie pesa. Tangu 1986 sheria inailazimu emajensi kukupima na kukutuliza hali bila kuuliza kwanza kama unaweza kulipa, na tangu 2022 bima nyingi haziruhusiwi kukutoza zaidi kwa sababu tu emajensi hiyo haikuwa kwenye mtandao wao. Ambulensi ya barabarani haikuingizwa katika sheria hiyo ya 2022, kwa hiyo bili yake inaweza kukushtua.

Mkalimani wa Kiswahili ni haki yako katika hospitali inayopokea fedha za serikali kuu, na hulipi. Hata kama ni kwa simu, mwombe. Usimkalishe mtoto wa darasa la nne amtafsirie nyanya yake habari za uvimbe.

Na nyanya mwenyewe, kama anakuja kutembea tu, asipande ndege bila bima ya wageni. Soma sehemu ya maradhi aliyokuja nayo, maana nyingi hazigusi presha wala sukari ya zamani. Abebe dawa zake kwenye pakiti zake, na barua ya daktari kwa Kiingereza. Barua hiyo itaje jina la dawa yenyewe, si la kampuni, kwa sababu kidonge kilekile anachonunua Mwanza au Kisumu huku kinaweza kuuzwa kwa jina jingine kabisa.